Mayai Mia Sita na Mstari Mtupu

4 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua utasahau. Sisi wazima, ukiacha goti langu. Wewe je, unakula?

Mashine yako ya kutotolesha vifaranga imefika pamoja na faili la mipangilio uliloliandika. Jana meneja alitia mayai mia sita, akanitangazia mbele za watu: yakiharibika, nikabidhi funguo nikapumzike nyumbani. Nyumbani yupo mama yako, kwa hiyo kupumzika hakupo.

Kwenye mstari wa joto niliandika "37.5", ndani ya alama za kunukuu, kwa kuwa ni maneno yako, si yangu. Hita ikagoma. Nilipozifuta alama, ikawaka. Mstari wa kugeuza nikaandika 4, yaani kila saa nne, ikageuza vizuri. Leo asubuhi nimeuacha wazi. Kwenye daftari letu la kazi, miaka ishirini na sita, pengo maana yake "kama jana". Trei hazijasogea tangu hapo. Nimeyachora mayai kwa penseli, msalaba upande huu, duara upande ule, nayageuza kwa mkono. Nikimaliza la mia sita, la kwanza linanidai.

Mama yako anauliza: utakuja yakitotoa?

Mjomba wako


5 Machi

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima, nakula. Lipe goti pole.

Mashine inatofautisha namba na maandishi. Ukiifunga 37.5 ndani ya alama za kunukuu, umeiambia hayo ni maandishi tu, kama jina la mtu. Hita haiwezi kupandisha joto hadi jina la mtu. Namba iache peke yake.

Pengo nalo si "kama jana". Mashine haina jana. Inachosoma ni kwamba hakuna aliyesema kitu, basi nayo haifanyi kitu. Rudisha 4, kisha usiguse. Nimeiongezea kengele: ikikuta pengo, itaita.

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limepokea pole, halijarudisha jibu. Kazi zako zinaendaje?

Nimeyamulika mayai kwa tochi, mengi yana mishipa ya damu, yaani yako hai. Meneja hupita mlangoni, hatazami mayai, anatazama funguo kiunoni mwangu.

Kesho ni siku ya kumi na nane, hayageuzwi tena. Sasa nijibu: kama pengo halifanyi kitu, na mimi sitaki lifanye kitu, si niache wazi tu?

Mama yako ameuliza tena lile swali. Nimemwambia mtandao unasumbua.

Mjomba wako


20 Machi, jioni

Shikamoo mjomba,

Kazi ni nyingi, afya ipo.

Usiache wazi. Andika 0. Sifuri ni amri: nimeambiwa nisigeuze. Pengo ni kimya, na mashine haiwezi kujua kama umekataa au umesahau. Trei zitatulia hivyo hivyo, lakini kengele itakunyima usingizi.

Mpwa wako


25 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Wazima sote, na kelele zimeongezeka: vifaranga mia tano na kumi na moja. Meneja ameisifu sana mashine. Mimi ameniachia funguo, nadhani ndiyo hotuba yenyewe.

Nimekuwa mwanafunzi mzuri, basi nisikilize. Uliondoka umegombana na mama yako, na huu ni mwaka wa tatu. Swali lake nimelituma mara mbili. Umenijibu joto, umenijibu trei, mstari ule umeuacha wazi. Ungeandika sifuri ningeelewa, ningemweleza taratibu. Lakini hukuandika sifuri, na mimi sina kengele, ndiyo maana naandika barua.

Nilijaribu kumfundisha dada yangu ulivyonifundisha. Nikamwambia pengo si ndiyo wala si hapana, ni kwamba hakuna aliyesema kitu. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeiba chakula cha mgonjwa. Akasema, "Wewe kaka, kaa na mashine zako."

Kwake pengo bado ni la daftari letu: kama jana. Leo asubuhi ametandika tena kitanda chako.

Mjomba wako