Limbuko Lisilopitisha Mwanga

Shangazi Prisila, shikamoo. Naomba unishike mkono maana nimekwama, na kila mtu ambaye ningeweza kumuuliza amo ndani ya jambo lenyewe. Niite Oliva, si jina langu. Ni mzaliwa wa Mahongole, Makambako, ila nimepanga chumba Njombe mjini kwa sababu kazi yangu ni ya kompyuta na kule kwetu mtandao unakatika kila mvua inapotishia kunyesha.

Kazi yenyewe, shangazi, ngoja nikueleze kidogo usije ukanidhania mganga. Nachora njia za mwanga. Kuna kipande cha kioo kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, ndani yake zimechongwa njia nyembamba kuliko unywele, mwanga wa leza unaingia upande huu, unapita kwenye njia, unazunguka kwenye pete ndogo ndogo, unatokea upande ule, na ukiweka tone la damu juu ya pete ule mwanga unaotoka unabadilika kidogo sana, na badiliko hilo ndilo linalosema ndani ya damu kuna nini. Wenzangu wengine huchora vya namna hiyo kwa ajili ya leza na mawasiliano ya simu, mimi nilichagua vya kupima, na katika kupima nilichagua figo kwa sababu baba yetu alikufa kwa figo. Alifikishwa hospitali ya Ikonda akiwa amechelewa sana, madaktari walihangaika naye mpaka mwisho, tukamrudisha nyumbani juu ya lori la mbao, mama amekaa kando ya jeneza amejifunga blanketi, na njia nzima hakusema neno.

Sasa mwaka jana tulipomaliza mchoro tukautuma kiwandani nje ya nchi, maana huku kiwanda cha namna hiyo hakuna, na mimi kwa furaha nikampigia mama nikamwambia, "Mama, kikirudi wewe ndiye wa kwanza." Laiti ningeuma ulimi! Kwetu kitu cha kwanza cha mtoto ni cha mzazi. Hindi bichi la kwanza hakuna anayelivunja kabla mama hajaonja. Mdogo wangu Clemens, anayekaa naye, miparachichi yake ilipozaa mara ya kwanza alimpelekea mama tunda moja lisilokomaa, gumu, chungu, na mama alilikata mbele ya wageni, akalitia chumvi, akalila lote bila kukunja uso. Ndivyo alivyo. Basi akasimama kwenye jumuiya ya kanisa akatangaza, "Mwanangu anatengeneza kipimo cha figo kwa mwanga, na limbuko ni langu!" Wakampigia vigelegele, na Mzee Severini, mwenyekiti wa jumuiya, akaomba awe wa pili, maana kisukari chake kinatishia figo.

Haikupita muda miguu ya mama ikaanza kuvimba, asubuhi uso umejaa, chakula hakitaki, ngazi mbili za mlango wa kanisa zinamchosha, na daktari wa Makambako akaandika aende Ikonda akachunguzwe vizuri. Mama kagoma. Anasema, "Nikitangulia kupimwa huko, limbuko la mwanangu nitakuwa nimewapa wageni. Mimi nasubiri." Clemens amembembeleza, padri amembembeleza, jibu ni hilo hilo. Mwanzoni alikuwa akinipigia kila jioni, "Kamwene Oliva, kimefika?" Siku hizi hapigi, na nikimpigia mimi ananiuliza baridi ya Njombe na kama nina blanketi la kutosha, kipimo hakitaji kabisa, nadhani amenichoka.

Na kipimo kimefika, shangazi, hilo ndilo linaloniua. Wenzangu wa maabara huko nje wamevijaribu vipande vyote, mwanga unaingia, hautoki. Kosa ni langu mimi niliyechora. Nilitaka pete nyingi zienee kwenye kipande kimoja, nikazikaza kona kupita kiasi, na mwanga ni kama maji ya mfereji wa kinyungu, bustani zetu za bondeni, ukiyakunja ghafla yanaruka ukingo yanapotea. Kompyuta iliniambia utapita, kwa sababu nilihesabu njia zenye kuta laini kabisa, na kuta zinazotoka kiwandani si laini kama za kwenye kompyuta. Kimoja wamenitumia nikitazame, kiko ndani ya kiboksi mezani kwangu, nikila nakiona, chakula kinanishinda. Wakubwa wanasema tuchore upya, lakini hiyo ni mwakani, na mama sidhani kama ana mwakani.

Juzi Clemens akanipigia huku analia kwa hasira. "Dada, wewe msomi gani? Njoo nacho hicho hicho! Mtoboe kidole, weka tone, washa kitochi chekundu chini yake, mwambie kimesema figo ni mbaya, aende Ikonda leo leo. Atakwenda! Unataka ukweli au unamtaka mama?" Na kitochi nimeshanunua, shangazi, dukani wakaniuliza cha nini nikasema cha kusomea umeme ukikatika.

Sasa naomba uniambie. Nikimdanganya atakwenda hospitali, lakini nitakuwa nimemlisha mama yangu uongo kwa mkono wangu na kuuita limbuko. Nikimwambia ukweli ataaibika mbele ya jumuiya nzima, na naogopa atasema basi nitasubiri cha mwakani, akakaa pale pale kitandani mpaka mwisho. Nifanye nini? Nimechoka kulia peke yangu.

Ni mimi Oliva, Njombe.

MAJIBU

Marahaba, Oliva. Pole kwa ugonjwa wa mama, na pole kwa pete zako, maana kazi ya akili ikiharibika watu hawakuletei hata chai ya msiba. Pole nimekwisha kukupa. Sasa tuongee.

Hilo jina kwanza. Unajificha nyuma ya Oliva, halafu unataja Mahongole, leza, miparachichi na lori la mbao! Binti, mtu wa kwenu hahitaji hata kumaliza kusoma. Mimi nadhani ulitaka gazeti likamwambie mama yako kile ambacho mdomo wako umekataa. Halitumwi hivyo. Majina ya wengine nimekubadilishia, majibu haya nimekutumia kwenye simu, na barua naikalia, haichapwi mpaka uniambie kwamba umeshaongea naye.

Hicho kitochi kasomee kweli. Clemens simlaumu, yeye ndiye anayeuona uso wa mama kila asubuhi. Lakini hebu sogea hatua moja mbele. Mama atakwenda Ikonda, sawa, na njiani atamwambia kila mtu kwamba kipimo cha mwanawe kimemsoma. Kesho yake Mzee Severini huyo mlangoni, kidole amekinyoosha. Utamwashia na yeye? Utamwambia nini, figo zako nzima mzee, kanywe chai? Nyuma yake jumuiya nzima imepanga foleni! Uongo wa kumwokoa mtu mmoja hauwezi kufungiwa chumbani kwa mtu mmoja, na huu wako ungeanza kuua kabla hujarudi Njombe.

Na wewe unajua kuliko mimi kwamba kifaa cha aina hiyo, hata mwanga ungepita vizuri, kingejaribiwa kwanza na madaktari kwa wagonjwa wengi kabla ya mtu yeyote kukitegemea. Ulijua hivyo siku ile ile unampigia simu. Furaha ilikuponyoka, hilo nakusamehe. Lakini kila jioni alipokuuliza kimefika, ulikuwa na nafasi ya kumwambia, mama, tangulia hospitali, changu kitafuata. Ukanyamaza. Ukanyamaza kwa sababu kusubiriwa ni kutamu. Usinune, nakwambia kama ningemwambia mwanangu.

Sasa lipo jambo umeliandika mwenyewe na hukuliona. Umesema zamani alikuwa akiuliza, siku hizi haulizi, ukahitimisha kwamba amekuchoka. Amekuchoka wapi? Mtu anayesubiri kitu hukiulizia. Mama yako alishaacha kukisubiri, Oliva. Anaogopa Ikonda. Mwanamke aliyekaa juu ya lori kando ya jeneza la mumewe, njia nzima bila neno, wewe unadhani ameshashuka? Hospitali haikuwakosea, mlichelewa wenyewe, lakini yeye alichokiona ni mume amekwenda na sanduku limerudi. Wewe ukamletea habari ya limbuko, akapata pa kujificha kwa heshima. Na wewe ukapata pako. Mmejibanza wawili nyuma ya kioo kidogo kuliko ukucha, na ugonjwa uko wazi unakula.

Kwa hiyo kesho asubuhi panda gari la Makambako. Usingoje Jumapili na usipige simu, maana simu utaikata. Beba kiboksi. Ukifika salimia, kaa chini, na habari za kona na kuta ziache Njombe. Mpe kile kipande, umwambie, "Mama, limbuko langu ni hili. Limetoka bovu. Mwanga haupiti, na kosa ni langu." Ishia hapo. Yule aliyelila parachichi chungu lote mbele ya wageni hahitaji kufundishwa na mimi wala wewe maana ya limbuko. Limbuko linapokewa lilivyotoka shambani. Na akishalipokea hana tena cha kusubiri, umeelewa? Ndiyo dawa ya ile hofu yako ya mwakani: hiki ndicho cha kwanza, na ameshapewa. Vitakavyokuja ni vya watu wengine.

Halafu muulize kuhusu baba, kisha unyamaze. Ninyi wasomi mna haraka ya kujaza kimya. Akilia mwache alie. Akikufokea, fokewa. Akisema haendi, usibishane naye usiku huo wala usiondoke kwa hasira. Mchotee maji, mpikie, lala chumba kimoja naye, asubuhi umuulize tena. Clemens akae tayari na kadi ya bima na nguo za joto. Akikubali msiwape majirani muda wa kuja kutoa maoni. Pitieni Njombe, alale kitandani kwako na hilo blanketi analoliulizia kila siku, kisha mwendelee Ikonda nyote watatu. Na huko usikae nje na simu ya ofisi sikioni. Kaa pale anapoweza kukuona. Kona za pete zitachorwa mwakani, na usipozichora wewe yupo atakayezichora.

Mzee Severini naye usimwachie Clemens. Simama wewe mbele ya jumuiya umwambie aende kliniki ya kisukari, hakuna zamu ya pili. Utaona aibu. Ione tu. Afadhali uione wewe kuliko kumwachia mama yako aibebe peke yake akiwa mgonjwa.

Sitakuandikia neno tamu ili upate usingizi. Miguu kuvimba hivyo na chakula kukataa si jambo dogo. Mimi si daktari, ila nimeuguza na nimezika. Inawezekana mmechelewa tena. Inawezekana ukaambiwa maneno yale yale aliyoambiwa baba yako, na safari hii hakutakuwa na mchoro wa kukimbilia. Kwa hiyo usimwahidi kwamba atapona, maana hujui. Mwahidi kwamba hatakaa peke yake kwenye gari, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, vyovyote mtakavyorudi.

Amka uende, mwanangu. Mpe limbuko lake angali ana mikono miwili ya kulipokea.