Nani Anaanzisha Wimbo?

Mjukuu wangu Deo, mume wangu mdogo,

Mimi mzima, ila baridi ya huku Sumbawanga imehamia magotini. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kiume, tumempa jina la babu yako.

Uliniuliza kwenye simu: tangu upewe usimamizi wa ghala huko Mbeya, wafanyakazi wazee wanakuona mtoto, na vijana wanalalamika kwamba wazee wanawachelewesha. Ufanyeje? Mambo ya ghala siyajui. Najua kupura ulezi.

Nikiwa msichana, majirani walikuja uwanjani kwetu kutusaidia kupura. Tulipanga mistari miwili, wazee huku, vijana kule, tukapokezana kupiga fimbo kwa kufuata wimbo. Siku hiyo vijana tukakimbiza wimbo ili tuwaonyeshe nguvu. Fimbo zikagongana. Mzee mmoja akaitupa yake, akaenda kukaa.

"Pureni wenyewe!"

Mama hakumgombeza mtu. Alituchanganya wazee na vijana, kisha akamwendea yule mzee. "Baba, tuanzishie." Akaanzisha wimbo wa zamani, taratibu, sote tukaitikia. Ulipokwisha, mama akanigeukia. "Haya, na wewe." Nikaanzisha wetu wa mbio, na aliyeitikia kwa sauti kuliko wote ni yule mzee, nyusi zimejaa vumbi la ulezi. Mpaka leo nikisikia harufu ya ulezi mpya, namwona.

Sasa niambie, mume wangu: hapo ghalani, wimbo anaanzisha nani? Au ni wewe kila siku?

Mkeo wa Katandala,
Bibi yako