Baba, Nilikwambia ni Moto

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika salamu hii nikijua haina wa kuiitikia, lakini ulinilea hivyo, siwezi kuanza na jambo jingine.

Unakumbuka miaka ile ya wakimbizi, ulipokuwa ukisukuma baiskeli kutoka kijijini kwetu Murusagamba na mikungu mitatu ya ndizi kwenda kuuza kambini? Mimi nilikuwa nimepata kazi ya ukalimani kwenye hospitali ya kambi, nikitafsiri Kiswahili kwa Kihangaza, lugha yetu ambayo wakimbizi nao waliielewa. Ulinitania mbele ya watu: "Huyu analipwa kwa kusema. Mama yake anasema kutwa nzima bure!" Mama alinuna, wewe ukacheka hadi ukakohoa.

Kisha siku moja baiskeli ikakushinda kwenye mteremko, ikakuangukia na mzigo wake, msuli wa paja ukachanika. Walikuleta kwetu hospitalini umebebwa. Mtaalamu wa viungo, mwanamke mpole aliyetoka Dar es Salaam, alikuwa na kifaa kidogo kama tochi, chenye mwanga mwekundu. Akanieleza taratibu: "Mwambie mzee hii ni leza, mwanga hafifu. Hauchomi, hatasikia kitu. Unasaidia msuli upone polepole. Aje mara kumi."

Baba, leza kwa Kihangaza ningeisemaje? Foleni ilikuwa imefika nje, watu wananiita huku na huku. Nikasema "umuriro." Moto. Nikakwambia watakutibu kwa moto, uje mara kumi. Yale mengine niliyaacha.

Ulikuja mara nne. Kila mara uliukodolea macho ule mwanga pajani pako, ukaniuliza, "Mbona moto wenu hauchomi?" Nami, kwa haraka zangu, nikajibu, "Vumilia tu, baba, utaingia." Naona aibu hata kuliandika jibu hilo.

Mara ya tano hukutokea. Ulikuwa umemwambia baba mdogo kwamba moto wa kambini ni mdogo, haufiki kwenye msuli, wa nyumbani utafika. Akapasha spoki ya baiskeli mpaka ikawa nyekundu, akakuchoma paja mahali patatu. Niliporudi nyumbani Jumamosi vidonda vilikuwa vinanuka, umevipaka majivu, na ukanionyesha kwa furaha. "Sasa umeingia," ulisema. Siku chache baadaye taya zako zikakaza. Mtaalamu alipokuona alitamka neno moja tu, pepopunda, na hilo sikuombwa kulitafsiri. Mama alikuwa ameshaanza kulia.

Mpaka leo mama anawaambia watu kwamba uliuawa na ukaidi wako, kwamba ulidharau dawa ya hospitali. Anakugombeza hata anapopalilia kaburi lako. Mimi husimama na jembe langu, nimenyamaza. Nimenyamaza mpaka nimepata wajukuu. Nilijidanganya kwamba namhurumia mama, kumbe nilikuwa najihurumia mwenyewe.

Sasa nguvu zinamwishia, na sitaki aende huko uliko akiwa na hasira nawe. Kesho baada ya misa nitamketisha nimweleze yote. Pengine hatanisamehe. Lakini atajua kwamba mumewe hakuwa mkaidi. Alimsikiliza binti yake.

Pumzika, baba.

Mwanao wa kwanza,
mkalimani wako