Jibu lililotoka chini ya sakafu

Mjukuu wangu Ilunga,

Huku Kasulo tuko wazima. Mama yako anakohoa tu kwa ajili ya vumbi. Unauliza ufanye nini wanafunzi wako wa uuguzi wasisinzie darasani. Mi enzi zangu za kufundisha niliwachezesha wangu mchezo. Mmoja analala kama mgonjwa aliyezimia, haruhusiwi kujibu, wenzake wanamuuliza, "Unaumwa wapi?" kisha wanangoja.

Siku moja jibu lilitoka chini ya sakafu: "Ku muguu, mama."

Kumbe jirani alikuwa amechimba shimo la kobalti mpaka chini ya darasa letu. Wachimbaji walimtoa humo kijana mwenzao aliyefukiwa na udongo, akiwa hai, mguu umepondeka. Aliapa kwamba alikuwa amezimia, hakusema hata neno.

Wafundishe kuuliza, halafu wangoje. Mi hadi leo nikimuuliza mgonjwa, nangoja huku nikiangalia chini.

Nkambo yako anayekupenda,
Mama Ngoie