Mzee Aliyepanda Jukwaani

Mshangano, Songea
4 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Naamini wewe na Mama mmeamka salama, na mahindi ya Maposeni yameanza kubeba. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Nimeacha uchungaji wa vijana. Hakuna aliyenifukuza. Mchungaji Oswald, aliyenilea katika huduma, alinitaka nichague kati ya madhabahu yake na gitaa la umeme, nami nikachagua gitaa. Tumeunda bendi ya kumwimbia Mungu kwa muziki wa roki, na rafiki yangu Shukuru ndiye msimamizi. Nilipohubiri, vijana walinisikiliza huku wakichungulia simu. Nikipiga gitaa, wanainua vichwa. Je, huo si wito? Au ni masikio yao tu? Naomba baraka yako.

Mwanao,
Remmy


Maposeni
17 Machi 2024

Mwanangu Remmy,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua kila mvua inaponyesha, na mwaka huu mvua haina mapumziko.

Nilimsomea mama yako barua yako, akauliza roki ni dhehebu gani. Ulipoliacha Kanisa Katoliki ulimobatizwa, nilihuzunika, kisha nikazoea. Majirani wakaanza kuniita Baba Mchungaji, mwanzoni kwa kejeli, baadaye kwa heshima. Jana jirani yetu Kunegunda aliniuliza aniite nani sasa. Nilimwambia asubiri.

Nilifundisha hadi nikastaafu, na ninajua kwamba mwanafunzi anayeinua kichwa si lazima awe ameelewa. Siwezi kubariki nisichokijua. Nitakuja nikione kwanza.

Baba yako,
Mwalimu Polikarp


Mshangano
22 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Ulifika salama? Juzi kwenye tamasha letu uliondoka uwanjani bila kuaga, na simu yako haipokelewi. Nahofia baridi ile ilikudhuru kifua.

Kosa ni langu, sikukueleza mapema. Katika wimbo ule wa mwisho huwa naanguka na kupiga ukelele, kwa sababu unamhusu mtu aliyefika mlangoni pa kaburi. Ndivyo unavyoimbwa. Wewe ulidhani nimeshikwa na kifafa. Ukamsukuma mlinzi, ukapanda na koti lako la misa, ukakilaza kichwa changu mapajani pako na kuniita Remigi, jina langu la ubatizo. Kipaza sauti kilikuwa kifuani pangu. Uwanja mzima ulikusikia ukisema, "Mwanangu, usife. Nipo hapa."

Nilitaka kukunong'oneza kwamba ni wimbo tu. Lakini watu walishaanza kuja mbele, wakipiga magoti na kulia. Sijapata kuona jambo hilo katika uchungaji wangu wote. Wengi walidhani tulipanga.

Sasa Shukuru anaomba ufuatane nasi Tunduru msimu wa korosho, upande tena katika wimbo uleule. Sijui kama ni Mungu aliyekupandisha au ni hofu yako. Huenda ni vyote viwili. Njoo, Baba.

Mwanao,
Remmy


Maposeni
2 Agosti 2024

Remmy,

Tumsifu Yesu Kristo. Kifua ni kizima. Tunapukuchua mahindi.

Sikuaga kwa sababu niliona haya. Mtu mmoja alinipiga begani akanisifu kwamba nimeigiza vizuri.

Unaniomba nije kukuokoa kwa ratiba. Nilipopanda zile ngazi sikujua kama kuna watu. Nilimwona mwanangu anakufa. Sitaweza kukuona ukifa kila Jumamosi nawe ni mzima. Na nikiweza, basi nitakuwa nimeharibika. Hata hivyo watu wale walilia, nami niliwaona kwa macho yangu. Hilo nalo sijui nilifanyeje. Baraka uliyoiomba ninayo bado. Sijapata mahali pa kuiweka.

Siji.

Baba yako


Maposeni
24 Novemba 2024

Remmy,

Tumsifu Yesu Kristo. Tangu Agosti hujaandika, nami sikutaka kukulazimisha. Mama yako anauliza kama unakula.

Daimu wa Nalasi, kule Tunduru, yule anayenunua mahindi yetu, alipita juzi. Alisema mlipiga muziki karibu na soko lao, na hata Waislamu kama yeye walikwenda kutazama. Ulipoanguka, mzee mmoja akapanda akilia. Daimu akadhani ni mimi, akasogea anipe mkono aulizie bei ya gunia. Akakuta ni mtu mwingine, ila koti linafanana na langu. Akamuuliza, "Mzee, wewe nani?" Akajibiwa, "Mimi ndiye baba."

Daimu alicheka sana kunisimulia. Mama yako hakucheka. Alisema, "Kama amepata baba mwingine, atuambie tujue."

Sijakulaumu, kwa kuwa sijaelewa. Daimu anaapa kwamba wa Nalasi nao walilia, tena kuliko wa Songea. Kama baba wa uongo analeta machozi ya kweli, basi mimi nilifundisha nini miaka yote?

Usinijibu kwa barua. Barua hata mtu mwingine anaweza kukuandikia. Njoo mwenyewe.

Baba yako


Mbinga
9 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mwambie Mama ninakula, na sina baba mwingine.

Nimekuasi tena kwa kuandika, lakini jambo hili silitamki kwa mdomo nikiwa mbele yako. Mzee yule anaitwa Rupert. Shukuru alimleta, nami sikukataa. Kila alipokishika kichwa changu, nilijiambia watu wanaokoka, kwa hiyo hakuna anayeumia.

Jana, baada ya kusoma barua yako, nilinyanyuka katikati ya wimbo. Bendi ikanyamaza. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Huyu si baba yangu. Baba yangu yuko Maposeni, alikataa kuja, naye ndiye aliyekuwa sahihi."

Mzee Rupert akaanza kulia, safari hii bila kuambiwa. Watu wakamtazama, wakanitazama mimi, kisha wakaja mbele na kupiga magoti, wengi kuliko siku zote. Shukuru akanionyesha dole gumba. Amesema wimbo umekamilika sasa, na kesho niseme vilevile.

Baba, nilikuwa nimeshasema ukweli wote niliokuwa nao. Nikabaki nimesimama mbele ya watu wanaolia, sijui mikono yangu niiweke wapi.

Gitaa nimeliacha kwa Shukuru. Basi la Songea linaondoka alfajiri, na tiketi ya kuja nyumbani nimekata.

Mwanao,
Remigi