Tapeti Zilizonyamazishwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye jalada, kazini naitwa Mama Geji
Umri: miaka 51
Kazi: fundi pikipiki kwa miaka 27, sikusomea
Makazi: nyuma ya karakana yangu, mkabala na kituo cha mafuta

Nasema yafuatayo kwa hiari yangu, na naomba namba zangu ziandikwe kama ninavyozitaja.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, saa nne asubuhi, jirani yangu seremala aliniletea pikipiki yake ya miaka kumi na tisa niikague kabla hajamuuzia shemeji yake, kaka wa mkewe. Nilipima mgandamizo wa injini kwa geji. Ilisoma 150. Namba zangu zote ni za pauni, kama za upepo wa tairi. Chini ya mia, injini ya aina ile ni mgonjwa. Nilimwambia tapeti, vile vyuma vinavyofungua valvu, zinagonga kidogo, aziache hivyo hivyo. Injini kuukuu ikisema kidogo ndiyo uzima wake.

Tarehe 11 nikasikia seremala yuko mahabusu. Shemeji yake alilalamika kwamba kauziwa injini iliyokufa kwa makusudi, na ushahidi wake ni fundi mmoja aitwaye Profesa. Huyo ana cheti chenye fremu ukutani. Geji hana.

Tarehe 12, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Koplo aliniita niikague pikipiki uwanjani hapa kituo cha polisi, mbele ya mlalamikaji na Profesa. Profesa alinisalimia "shikamoo bibi" huku akicheka. Namzidi miaka minne tu. Nilimuuliza alipimaje. Akasema aliziba tundu la plagi kwa kidole gumba, akapiga kiki, akaona upepo hauna nguvu, basi pistoni na ringi zimekwisha. Kidole gumba hakina namba.

Nikatoa plagi, nikafunga geji, nikazungusha aksilereta hadi mwisho, nikapiga kiki mara sita. Ikasoma 60.

"Si umeona mwenyewe, mama?" mlalamikaji akasema. "Shemeji kaniuzia maiti."

Nikamwambia asichimbe kaburi kwanza. Nikamimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, nikapima tena: 64. Kama ringi zingekuwa zimekwisha, oili ingeziba mwanya pembeni ya pistoni na namba ingepanda sana. Ilipanda nne. Upepo ulikuwa unatorokea kwenye valvu, milango ya hewa ya injini.

Nikafungua vifuniko vya tapeti. Kibati changu cha kupimia nafasi, kile chembamba kuliko vyote, hakikupita popote. Tapeti zilikazwa mpaka valvu hazifungi. Nikauliza nani kazigusa.

"Mimi," Profesa akasema, bila haya. "Huyu aliyenunua alisema inagonga kama cherehani. Nikainyamazisha."

"Ikanyamaza?"

"Kabisa."

"Na kuwaka je?"

Hapo akaanza kukagua viatu vyake.

Nikalegeza nati mbili, nikarudisha nafasi, nikapima: 152. Nikitoa zile nne za oili, ni 148. Nikarudisha plagi. Pikipiki iliwaka kiki ya pili, ikatoa moshi kidogo wa ile oili, kisha ikatulia inagonga taratibu. Profesa akasema mlio ule si wa kitaalamu.

Kazi yote ilichukua dakika 35. Seremala kalala sakafuni siku mbili kwa ajili ya nati ambazo sikuzizungusha hata kufika robo ya mzunguko. Mlalamikaji ameniomba niseme ni kutoelewana kwa kifamilia. Sisemi. Kwenye tapeti sikukuta ndugu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyapima, la kuongeza sina.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya Koplo: Nimemsomea shahidi maelezo haya. Alikataa kutia sahihi kwa sababu niliandika "takriban 150". Nimesahihisha kuwa 148. Mtuhumiwa ameachiwa saa sita na dakika ishirini mchana. Mlalamikaji alijitolea kumpeleka nyumbani kwa pikipiki hiyo hiyo. Mtuhumiwa amesema asante shemeji, akaondoka kwa miguu.