Saa ya Mwishehe kwenye Status

Jeni, upo? Nimefanya ujinga.

Ile saa ya marehemu mume wangu, si nilikwambia siivai tena, iko tu kabatini inanikodolea macho? Leo nimeiweka status. "Saa ya kiume, bei maelewano."

Nikasahau kumficha mama mkwe asiione!

Bi Somoe, Jeni! Aliyenikabidhi saa hiyo siku ya kugawa vitu vya Mwishehe, mashemeji zangu wote wanaimezea mate. Akasema, "Hii ya Naima, asiiguse mtu."

Kaniandikia: "Bei gani?" Basi. Hata salamu hakuna. Bei gani!

Nikafuta status. Ya nini, na kashaona? Nikampigia huku nalia, shikamoo mama, nisamehe, siuzi tena.

Unajua kanijibu nini?

"Marahaba. Uza, mwanangu. Mie nauliza maana nina simu yake huku Mwananyamala, kila siku naichaji na hakuna anayepiga. Nilikuwa naogopa kuiuza, nikidhani utaniona sina utu."

Kila siku anaichaji, Jeni. Kila siku.

Haya, ruhusa si ninayo? Na yule kaka wa Kinyerezi niliyepatana naye bei asubuhi kashafika, yuko getini anapiga honi.

Saa nimeivaa. Inanipwaya mpaka inafika kwenye kiwiko, na siwezi kuivua.

Nakutumia namba ya huyo kaka. Mpigie wewe, mwambie imeshauzwa.